Mlango Gani, Mwezi Gani: Jinsi ya Kufikisha Jambo la Mtaa Wako Serikalini

Mtaani kwetu hapa Nakuru, Kenya, kuna kijia ambacho watoto hupitia wakienda shule, na kijia hicho kinakatizwa na mtaro. Mvua ya Aprili ikianza, mtaro ulikuwa unafurika na watoto wadogo wanabebwa mgongoni. Tulichohitaji ni kalvati moja tu, lile bomba kubwa la kupitisha maji chini ya njia. Tulihangaika nayo karibu miaka mitatu.

Tulianza kwa chifu, akatusikiliza barazani kwa heshima. Tukaenda ofisi ya mbunge, tukaelezwa kwamba njia ile haiko chini yao. Tulipofika ofisi ya wadi ilikuwa Juni, na bajeti ya mwaka uliokuwa unakuja ilikuwa imeshaandikwa. Hakuna aliyetudhulumu. Tulibisha milango ya wenyewe, na tulipoupata wetu tukaukuta umefungwa hadi mwaka mwingine.

Tangu hapo nimekuwa katibu wa kikundi cha wakazi, na kila wiki mtu hunijia na jambo lililozungushwa vivyo hivyo. Yafuatayo ni mambo ambayo ningependa mtu angenieleza mapema.

Kwanza, elewa kwamba serikali ni mbili

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda serikali ya kitaifa na serikali 47 za kaunti. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabaraza ya zamani ya manispaa na miji, pamoja na meya na madiwani wake, yaliondoka na kaunti zikaanza kazi. Gavana si mtumishi wa Rais, wala kaunti si tawi la Nairobi. Kifungu cha 6 cha Katiba kinasema serikali hizi ni tofauti lakini zinategemeana, na zinapaswa kushauriana.

Ndani ya kaunti kuna mikono miwili. Gavana, naibu wake na mawaziri wa kaunti ndio wanaotekeleza: wanajenga, wanaajiri, wanalipa. Bunge la kaunti linatunga sheria, linapitisha bajeti na kuchunguza jinsi pesa zilivyotumika. Wanaoketi humo ni wawakilishi wadi, hawa tunaowaita MCA, pamoja na wale wa kuteuliwa. Nakuru tuna wadi 55 katika maeneo bunge 11. Kisumu wana 35 katika maeneo bunge saba, Kakamega 60 katika 12.

Hatua ya 1: Jua jambo lako ni la nani

Hapa ndipo wengi tunapopotelea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwishoni mwa Katiba kuna Jedwali la Nne. Ni kurasa chache tu, na nawasihi mzisome. Sehemu yake ya kwanza inaorodhesha kazi za serikali ya kitaifa, ya pili kazi za kaunti. Za kaunti ni pamoja na zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti; kilimo na mifugo; masoko na leseni za biashara; maji na majitaka; taka; taa za barabarani, ikiwemo ile mulika mwizi ya sokoni; barabara za kaunti na mitaro ya maji ya mvua; maegesho; zimamoto; shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Polisi, mahakama, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu, vitambulisho, wanyamapori na barabara kuu ziko kwa serikali ya kitaifa.

Chukua shule moja ya msingi, hata hiyo iliyo karibu nawe. Mwalimu wa darasa la nne ameajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, ambayo ni ya kitaifa. Mwalimu wa chekechea, hatua ishirini kutoka hapo, ameajiriwa na kaunti. Ua ni mmoja na lango ni moja, lakini serikali ni mbili. Mzazi asiyejua hilo atamlaumu gavana kwa upungufu wa walimu wa darasa la nne, na atamlaumu mbunge kwa chekechea isiyo na viti.

Barabara ndizo zinazotatiza zaidi. Ile barabara kuu inayotoka Nairobi kupitia hapa Nakuru kwenda Eldoret ni ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, kwa hiyo shimo lililo juu yake usimpelekee MCA. Nyingine ziko chini ya KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini) au KURA (ya barabara za mijini), ambazo pia ni za kitaifa. Zilizobaki, hasa vile vijia vya mitaani na vijijini, ni za kaunti. Usikisie. Nenda idara ya barabara ya kaunti ukaulize: "Barabara hii ni ya daraja gani, na inatunzwa na nani?" Sisi swali hilo moja lingetuokolea mwaka mzima.

Hatua ya 2: Mfahamu afisa aliye karibu nawe

Chifu na naibu wake ni watumishi wa serikali ya kitaifa, chini ya naibu kamishna wa kaunti na kamishna wa kaunti. Jina "kamishna wa kaunti" lina neno kaunti ndani yake, lakini yeye hatumwi na gavana. Usalama, ugomvi wa mipaka ya mashamba na barua ya kitambulisho ni kwao.

Upande wa kaunti kuna msimamizi wa kaunti ndogo, na chini yake msimamizi wa wadi. Huyu wa wadi ameajiriwa, hakupigiwa kura, na ndiye mkono wa gavana ulio karibu nawe zaidi. MCA wako ni sauti yako bungeni. Mwandikie msimamizi, mpe MCA nakala. Ukiandikia mmoja tu, jambo hukwama siku wawili hao wasipoelewana.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya pesa

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini kinachojengwa mwaka huo huanza kuamuliwa miezi kumi kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe hizi, na mimi nimezibandika ukutani jikoni.

Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefika bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari unafika waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu cha pesa za kila idara. Kufikia 30 Aprili yanafika makadirio ya bajeti yenyewe, na bunge lipitishe bajeti kabla ya Juni kwisha. Juu ya hayo yote kuna mpango mkubwa wa miaka mitano, unaotungwa baada ya kila uchaguzi mkuu.

Kwa hiyo Julai na Agosti ndiyo miezi ya kupanda. Jambo lako liingie katika mpango wa Septemba likiwa na jina la mahali, si "kuboresha barabara za wadi". Februari hadi Mei ni miezi ya kulinda ulichopanda, kwa sababu mradi unaweza kuwa kwenye mpango ukakosekana kwenye bajeti. Mwaka wa pili sisi tulidhani kazi imekwisha Septemba. Tuliporudi Mei, kalvati yetu haikuwamo.

Hatua ya 4: Andika, usiseme tu

Kikao cha maoni ya umma hutangazwa magazetini, kwenye tovuti ya kaunti na kwenye ubao wa ofisi ya wadi. Nenda, zungumza, lakini uwe na karatasi mkononi. Maneno ya kikaoni huishia kwa mwandishi aliyechoka; karatasi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ina tarehe.

Ukurasa mmoja unatosha. Eleza mahali hasa, kwa jina la wadi na alama zinazojulikana. Eleza wanaoathirika ni akina nani, wakati gani. Taja unachoomba kwa kipimo: mita ngapi, taa ngapi, milango mingapi ya choo. Weka picha mbili, moja ya kiangazi na moja ya mvua. Kisha majina na sahihi. Andika kwa Kiswahili ukipenda, ni lugha rasmi ya nchi hii. Baki na nakala yenye muhuri.

Hatua ya 5: Fuatilia

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Ukinyimwa, unakata rufaa kwa Tume ya Haki za Utawala. Sisi tuliuliza jambo moja tu: mradi wetu uko ukurasa gani wa bajeti? Jibu lilikuja, na kutoka hapo tulijua la kufanya. Kalvati ililazwa mwaka uliofuata.

Maswali ya wanachama

*Katibu, mimi nauza mboga soko la Wakulima. Kila asubuhi nalipa ushuru. Mbona pesa hizo zisitengeneze soko letu moja kwa moja?*

Mama, pole na kazi. Pesa yako haiwezi kutumika palepale. Mapato ya kaunti huingia kwanza katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na hayatoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye ni afisa huru wa kitaifa. Hospitali na zahanati zimepewa nafasi tofauti na sheria ya 2023, zinaweza kubaki na pesa wanazokusanya kwa ajili ya huduma zao. Soko halimo. Lakini hapo hapo una nguvu: Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria. Kiwango unachotozwa kiwe ndani ya Sheria ya Fedha ya kaunti, na udai risiti kila siku. Mswada wa sheria hiyo nao huletwa kwa umma kila mwaka. Kina mama wa soko waende wengi siku hiyo.

*Upepo umeng'oa paa la shule yetu ya msingi huku Kakamega. MCA alituahidi mabati wakati wa kampeni. Tumshike vipi?*

Ndugu yangu, hata akitaka, shule ya msingi si kazi ya kaunti, na MCA hana idara ya ujenzi. Bodi ya shule iandikie ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ambayo licha ya jina lake ni ya serikali ya kitaifa, na nakala iende kwa mbunge. Kama kuna darasa la chekechea lililoharibika pia, andikeni barua ya pili kwa idara ya elimu ya kaunti. Msiziunganishe barua hizo mbili.

*Basari je? Mwaka huu nimeambiwa nijaze fomu tatu.*

Ni kweli: ya CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, kupitia mbunge, ya ofisi ya mwakilishi wa wanawake, na ya kaunti. Shule za upili na vyuo vikuu ni jukumu la kitaifa, ndiyo maana basari za kaunti zimezua mvutano kuhusu kama kaunti zinaruhusiwa kuzilipa. Jaza zote, mzee wangu, na uweke nakala ya kila moja. Mtoto asikose kwa sababu ya fomu.

*Natoka Nyakach. Seneta wetu tunamwona mazishini tu. Kazi yake ni nini hasa?*

Swali zuri, dada. Seneta hana hazina ya kujenga chochote, kwa hiyo usimdai barabara. Seneti ndiyo inayotetea kaunti wakati wa kugawa pesa. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Kiasi hasa hubishaniwa kila mwaka, na mgao wa kila kaunti hufuata fomula inayopitishwa na Seneti. Pia Seneti huwaita magavana kujibu maswali ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na bunge la kaunti likipiga kura kumwondoa gavana, Seneti ndiyo inayosikiliza kesi hiyo. Mkimkuta mazishini, mwulizeni kuhusu ripoti ya ukaguzi ya kaunti yenu.

*Viboko wamemaliza mahindi yangu karibu na ziwa, Naivasha. Kaunti inalipa?*

Hapana, wanyamapori ni wa kitaifa. Ripoti upesi kwa KWS, shirika la kitaifa la wanyamapori, piga picha kabla hujang'oa mabua. Angekuwa mbwa koko, hapo ningekutuma kaunti.

*Nakuru ni jiji sasa. Meya ni nani?*

Hakuna meya. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Jiji lina bodi na meneja, na wote wanafanya kazi chini ya kaunti. Kura yako ya gavana na ya MCA ndiyo inayofika huko.

*Mimi ni mpangaji tu Free Area, kura yangu iko nyumbani Vihiga. Nikienda kikao cha wadi si watanifukuza?*

Hawana ruhusa. Katiba inataja umma, haitaji wapiga kura wa wadi hiyo pekee. Unakunywa maji ya hapa, mtoto wako anatibiwa hapa, na kodi ya nyumba unayolipa ndiyo mwenye nyumba anayotolea ada za ardhi za kaunti. Fika mapema, andika jina lako kwenye orodha ya mahudhurio na mbele yake uandike mtaa unaoishi. Tukiwa kikao kimoja, nitafute. Huwa nakaa karibu na dirisha, nikiwa na faili ya kijani.