Namna ya kusoma Biblia kitabu kizima badala ya aya mojamoja

Wakristo wengi wa Bukavu, wa parokia za Kadutu na wa makanisa ya Bagira vilevile, wanajua kwa moyo maneno ya Ayubu 8:7, kwamba mwanzo ujapokuwa mdogo mwisho utaongezeka sana, nao huwatakia maharusi na wanaofungua maduka. Msemaji wa maneno hayo ni Bildadi, rafiki wa Ayubu. Aya tatu tu kabla ya hapo amemdokezea Ayubu, baba aliyefiwa na watoto kumi, kwamba dhambi zao ndizo zilizowaponza, na katika sura ya 42 Mungu anamkasirikia yeye na wenzake kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Kwa hiyo, kabla ya kuishika aya yoyote, uliza ni nani anayesema, anamwambia nani, na kitabu kinamjibu nini.

Anza na kitabu kifupi unachoweza kukimaliza kwa kikao kimoja, kama Ruthu au Yona, ambavyo kila kimoja kina sura nne, kisha uende kwa Marko, mwenye sura 16, ambaye jioni moja inamtosha. Someni kwa sauti nyumbani au katika shirika, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza (umeme ukikatika, tochi moja inatosha wote), kwa maana hata Paulo, katika Wakolosai 4:16, aliagiza barua yake isomwe mbele ya kanisa. Usisimame kwa sababu sura imekwisha: mgawanyo wa sura tulio nao ni wa karne ya 13, na aya za Agano Jipya zilitiwa namba na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, hivyo mara nyingine sura hukatika katikati ya hoja.

Ukishazoea, unganisha vitabu vinavyokwenda pamoja hata kama vimetenganishwa. Luka na Matendo ya Mitume vyote vimeandikiwa Theofilo, lakini Yohana amewekwa kati yao. Hagai na Zekaria wanaeleweka zaidi ukiwasoma pamoja na Ezra sura ya 5, inayowataja kwa majina.

Ratiba ya mwaka mmoja siipendi sana. Vitabu 66 vina sura 1,189, yaani zaidi ya tatu kila siku, na msomaji aliyechelewa hukimbiza Mambo ya Walawi bila kuelewa chochote. Afadhali akisome mara tu baada ya Kutoka, hema ya kukutania ikiwa bado akilini.