Kahawa Nayo Ina Kiporo

Nauza kahawa chungu Ngamiani, hapa Tanga. Mwaka juzi Ramadhani ilinikuta na uvivu. Nikakaanga kilo 5 kwa mkupuo, nikatwanga zote, nikajaza kwenye ndoo yenye mfuniko, nikajiambia mwezi huu silii na moshi tena. Siku za mwanzo mambo shwari. Kumi la mwisho, mzee mmoja wa barazani akapiga funda moja, iliyobaki akaimwaga mchangani. "Mwanangu, leo umechemsha mkaa?" Nikaongeza tangawizi. Ikawa mkaa wenye tangawizi.

Sasa nakaanga mara mbili kwa wiki, nusu kilo nusu kilo.

Anza na buni yenyewe. Kahawa mbichi ni mvumilivu, ikikaushwa vizuri na kuwekwa pakavu inakaa miezi. Lakini huku pwani hewa ni nusu maji, na gunia linanyonya. Yangu inatoka Kilimanjaro, ambako huchumwa kuanzia kama Julai hadi Desemba, kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji ni: ya msimu upi? Kisha nachota konzi moja naitazama juani. Nzuri ina kijani kinachoelekea ubuluu na inanukia majani. Iliyozeeka imepauka kama nyasi za kuezekea, inanuka gunia. Yenye uvundo wa ukungu usiiguse, hata akupunguzie bei vipi.

Kwenye chungu cha moto mwiko usitulie. Punje zinageuka njano, zinanukia mkate, halafu zinapasuka kama bisi. Hapo usiondoke, hata simu ikiita. Sisi wa kahawa chungu tunaivusha kidogo hadi ikolee, kisha haraka kwenye ungo, unapepeta makapi huku inapoa. Nusu kilo itarudi gramu 400 na ushee. Hujaibiwa, ni maji yamekwenda.

Usiitwange bado. Kahawa iliyotoka motoni imejaa gesi ya kabonidayoksaidi. Ukiichemsha siku hiyohiyo inafoka mpaka izime mkaa, na ladha yake haijatulia. Ilaze siku moja au mbili. Kuanzia hapo una kama wiki mbili za raha. Ya tatu harufu inaanza kuaga, na mwezi ukipita unakunywa rangi. Hiyo ni hesabu ya punje nzima. Ukishaitwanga, hewa inaipata kila upande, na hesabu inakuwa ya saa, si ya wiki. Ndiyo maana kinu nakwenda nacho kijiweni. Natwanga ya dele moja, yaani birika la kahawa, likiisha natwanga nyingine. Tena mlio wa mchi unaniitia wateja kuliko kelele zangu.

Wewe wa kununua dukani, tafuta tarehe ya kukaangwa. Ile ya mwisho wa matumizi haikuambii kitu. Chukua punje nzima, robo kilo inatosha. Ukitaka kumjua muuzaji wako, tia konzi ya punje kwenye mfuko mdogo wa nailoni, kamua hewa yote, funga fundo, uache hadi asubuhi. Ukivimba, kahawa ingali hai. Ukibaki umesinyaa, badilisha duka. Huna subira? Saga kijiko kimoja, mwagia maji ya moto kidogo. Iliyo hai inaumuka kama unga wa maandazi na kutoa povu. Iliyolala inalowa tu kama udongo.

Itunze kwenye chombo kinachobana, kabatini, mbali na jiko na jua. Friji hapana. Friji ya Tanga ina samaki changu na vitunguu, na kahawa haichagui harufu, inanyonya zote. Halafu kila ukiitoa kwenye ubaridi inatoka jasho.

Tangawizi na iliki tia, mimi pia natia. Ila dele la kwanza la kahawa mpya napika tupu, naonja mwenyewe kabla ya mteja yeyote.

Ile ya kwenye ndoo haikupotea bure. Niliitia kwenye bakuli, nikaiweka kwenye friji bila kuifunika, ikanyonya harufu ya changu hadi Idi.