Spea za Land Rover 88 na 109: namna ya kununua bila kupigwa

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, fupi ya 88 na ndefu ya 109; namba hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Magari bado yapo; spea nzuri ndizo zinazokwisha. Nyingi zinazouzwa leo kama mpya ni nakala iliyopimiwa nakala nyingine. Inaingia, inafungika, na baada ya wiki mbili gari linavutwa kwa kamba.

Usiende dukani mikono mitupu. Fungua spea ya zamani, isafishe, nakili namba zake, kisha ipime kwa venia (kifaa cha kupimia vipenyo na unene). Kuomba tu "silinda ya breki ya 109" ni kujitakia hasara: dramu za 88 kwa kawaida ni inchi 10 (milimita 254) na za 109 ni inchi 11 (milimita 279), lakini magari haya yamebadilishiwa ekseli gereji hadi gereji. Pima dramu yenyewe. Na injini ya petroli ya cc 2,286 ilikuwa na mein beringi (beringi kuu zinazobeba krenki) tatu hadi 1980, ndipo zikawa tano. Spea za krenki usinunue kabla ya kujua unayo ipi.

Umeme wa injini ndio unaotesa zaidi. Rota ni kile kipande cha plastiki kinachozunguka ndani ya distribyuta na kugawa moto kwa plagi. Nyingi za bei rahisi zina ribiti inayoshikilia shaba, na ncha yake hukaribia mno shafti ya distribyuta. Plastiki ikipata joto, moto wa koili hupenya hapo na kuishia kwenye bodi ya gari badala ya kwenye plagi. Gari huwaka asubuhi vizuri, mchana likazimika. Kuipima: funua kifuniko cha distribyuta, acha rota mahali pake, shika waya wa koili kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake ikae milimita 5 au 6 juu ya shaba ya rota, mwenzako apige starta. Cheche zikiruka mfululizo, rota imetoboka. Tafuta isiyo na ribiti, na uangalie distribyuta yako kwanza: rota ya distribyuta ya Lucas aina ya 25D4 haikai kwenye ya aina ya 45D4.

Kondensa hupimwa kwa mita yenye kipimo cha kapasita. Isome karibu mikrofaradi 0.2 ikiwa baridi, kisha ipashe moto na upime tena, kwa sababu mbovu nyingi hujificha mpaka zipate joto. Platini (ncha zinazokata na kuunga umeme ndani ya distribyuta) zikiungua haraka, ishuku kondensa kabla ya kununua platini nyingine. Uwazi wa platini ni milimita 0.35 hadi 0.40.

Kwenye breki kuna kosa moja linalowagharimu wengi: kufurahia raba "orijino" iliyokaa stoo tangu miaka ya themanini. Chuma cha zamani kinunue bila woga. Raba ya zamani iache. Hata mpya, ikunje na utafute nyufa, kisha ipime kipenyo na uiloweke saa 24 kwenye mafuta ya breki safi. Ikilainika, ikivimba sana au ikiyafanya mafuta kuwa meusi, irudishe. Na usioshe raba za breki kwa petroli, dizeli wala oili ya injini. Huvimba, breki zikagoma kuachia.

Silinda yenyewe ikiwa imeliwa na kutu ndani, usikimbilie nakala. Mpelekee fundi wa mashine ya kukereza, aitanue na kuingiza slivu (bomba jembamba la ndani) ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu kwa kipenyo kilekile cha awali. Mwenye vifaa vya kukwangua mpaka ing'ae ndiye wa kumpa. Kuta zikibaki na mikwaruzo, raba mpya haitadumu.

Beringi nyingi za gari hili ni za inchi. Ya milimita 25 haiingii kwenye shafti ya 25.4, na ya 26 inacheza. Namba iliyo kwenye ringi ilingane na ya boksi. Ukinunua SKF, programu yake ya simu, SKF Authenticate, inasaidia kukagua boksi. Nati ya M8 (ya milimita) nayo hufanana sana na ya UNF 5/16 (ya inchi). Hukubali mzunguko mmoja au miwili, halafu huua uzi wa stadi (bolti isiyo na kichwa). Ikigoma mapema, usiilazimishe.

Muuzaji akitaka spea yako mbovu kama sehemu ya bei, kataa. Silinda hiyo ya zamani, kwa mfano, ndiyo itakayowekewa slivu siku nakala itakapokuangusha.