Somo: Kupika kwenye Stardew Valley bila kula hasara

Baridi ya Juni hapa Uyole ikianza kuuma, jioni hakuna wa kukaa nje. Nafunga banda la kuku, naingia ndani, mama anakaanga viazi, na mimi najifunika blanketi na simu yangu nalima shamba la pili. Shamba hilo liko kwenye Stardew Valley, mchezo uliotoka mwaka 2016. Aliyeutengeneza ni Mmarekani mmoja, Eric Barone: kaandika, kachora, katunga na muziki wake, yote peke yake. Wengi kwenye kundi letu mmeniomba somo la jiko, na nimelichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza niwe na hesabu mkononi.

Naanza na kosa langu, maana naliona kwa kila anayeanza. Mimi ni mtoto wa Mbeya. Nimekua nikiona gunia la viazi mviringo linashuka kwenye gari kwa bei ya jumla, halafu muuza chipsi wa Mwanjelwa anachukua viazi vilevile, anavimenya, anavikaanga, na faida inabaki kwake. Kwa akili hiyo, mwaka wangu wa kwanza mchezoni nilipeleka viazi vyote jikoni. Sasa angalia. Kiazi kimoja kinauzwa dhahabu 80. Chupa ya mafuta kwa Pierre, mwenye duka, ni 200. Ukivikaanga unapata sahani inayoitwa Hashbrowns, na bei yake ni 120. Umetumia 280, umepata 120. Nilipika sahani 25 kabla sijashika kalamu, na hasara ilikuwa 4,000, karibu nusu ya pesa ya kujenga jiko lenyewe.

Na si viazi tu. Unga wa ngano ni 100 dukani, mkate unauzwa 60. Yai bichi ni 50, ukilikaanga linashuka hadi 35. Boga ni 320, supu yake 300, na maziwa uliyotia ndani hujayahesabu. Kwa hiyo shika hili kabla ya hatua yoyote: kwenye mchezo huu chakula hakipikwi kwa ajili ya soko. Kinapikwa kikuongezee uwezo wa kazi, au ukampe mtu. Ukikubali hilo, jiko litakulipa kuliko unavyodhani.

Hatua ya 1: Pata jiko

Nyumba unayoanza nayo haina jiko. Nenda kwa Robin, fundi seremala anayeishi juu mlimani, na dhahabu 10,000 na mbao 450. Anakuja kujenga, siku 3 kazi imekwisha, na friji inakuja pamoja na jiko. Mbao ndizo zinazokwamisha watu kuliko pesa, kwa hiyo anza kukata miti mapema, kila siku kidogo, nguvu ya mwisho ya jioni iishie huko.

Ukiwa huna subira, kwenye toleo la 1.6 ukifika ngazi ya 3 ya kukusanya vitu vya porini unajifunza kutengeneza jiko la kambini kwa mbao 15, nyuzi 10 na makaa 3. Linasaidia ukiwa mbali na nyumbani.

Hatua ya 2: Kusanya mapishi

Unaanza na pishi moja tu, yai la kukaanga. Mengine unayapata kwa njia kuu nne.

Televisheni ndiyo ya bure. Kila Jumapili, yaani tarehe 7, 14, 21 na 28 za kila majira, kuna kipindi cha The Queen of Sauce na kinakufundisha pishi jipya. Ukishatazama, umelijua papo hapo hata kama nyumba yako bado haina jiko. Jumatano wanarudia moja ya yaliyopita. Kipindi kina mapishi 32, kwa hiyo kinazunguka kwa miaka miwili ya mchezo. Jiwekee mazoea: Jumapili ukiamka, televisheni kwanza, ndoo baadaye.

Njia ya pili ni Gus, mwenye baa. Hufungua saa sita mchana, na anauza mapishi machache: Omelet 100, mkate 100, Tortilla 100, pizza 150, Maki Roll 300. Kati ya hayo nunua Omelet mapema, sababu utaiona chini.

Ya tatu ni kupanda ngazi za ujuzi. Ngazi ya 3 ya kilimo inakupa Farmer's Lunch. Ngazi ya 3 ya kupigana inakupa Roots Platter.

Ya nne naipenda kuliko zote, ni urafiki. Urafiki unapimwa kwa mioyo: mtu akifika mioyo mitatu au saba kwako, anakutumia barua yenye pishi lake. Emily anatuma saladi kwenye mioyo mitatu. Linus, yule mzee wa hemani, anatuma Sashimi. Shane anatuma Pepper Poppers. Mzee George, anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu mbele ya televisheni, anatuma Spicy Eel ukifika mioyo saba, na huyu watu wanamkwepa kwa sababu ni mkali wa maneno. Mpelekee liki. Zinaota zenyewe porini majira ya machipuko, hazikugharimu kitu, na yeye anazipenda sana. Vijijini kwetu ndivyo ilivyo: bibi hakuandikii pishi lake, unalipata ukikaa naye jikoni.

Hatua ya 3: Weka akiba

Chakula mchezoni hakiozi. Sisi tunaojua nyanya inavyogeuka maji ndani ya tenga, au parachichi la Rungwe linavyokungoja siku mbili tu, tunapata shida kuamini. Lakini ndivyo ilivyo, samaki wa mwaka jana ni mzima. Kwa hiyo kila unapovuna, toa 5 hadi 10 za kila zao uweke kwenye friji. Jiko linachukua mahitaji yaliyo mkononi mwako na yaliyo ndani ya friji, si lazima uyabebe.

Na hapa kuna siri ya pesa. Sahani haipandi ubora kwa sababu umetia zao bora. Zao lenye nyota ya njano linauzwa mara moja na nusu ya bei ya kawaida, ila ukilitia chunguni linakuwa sawa na lile lisilo na nyota. Uza yenye nyota, weka friji yale ya kawaida.

Hatua ya 4: Pika

Gusa jiko, orodha inafunguka. Picha iliyo hafifu ni pishi unalolijua lakini mahitaji hayajatimia. Gusa iliyokolea, chakula tayari. Hatua hii haina zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Kula kwa wakati wake

Hapa tukae kidogo.

Mfano wangu ni Farmer's Lunch. Mahitaji yake ni Omelet moja na Parsnip moja, ile mizizi mieupe inayofanana na karoti ambayo mbegu zake 15 unapewa siku ya kwanza. Omelet nayo ni yai na maziwa. Sahani hii inakupandisha ngazi 3 za kilimo kwa dakika 5 na sekunde 35 za saa yako ya mkononi, ambazo ni karibu saa nane za mchezo. Mwanzoni nilikuwa naila asubuhi nikienda kumwagilia, na nilikuwa naipoteza. Ubora wa zao unaamuliwa dakika unayolivuna. Kwa hiyo simama kwanza kando ya shamba la maboga siku yameiva, kula, uone alama ya nyongeza imetokea juu, ndipo uanze kuchuma. Boga la kawaida ni 320, la nyota ya njano ni 480. Ukiwa na maboga 40, sahani moja ya yai na maziwa inaweza kukurudishia gharama yake mara nyingi.

Kanuni ya pili: nyongeza ya chakula ni moja kwa wakati. Ukila kingine chenye nyongeza, cha kwanza kinafutika. Nimepoteza bahati yangu ndani ya pango namna hiyo, nikila Pepper Poppers kwa njaa wakati Spicy Eel, inayoleta bahati, bado inafanya kazi. Chakula kisicho na nyongeza, kama saladi au jibini, hakifuti kitu, kwa hiyo beba hivyo kwa ajili ya afya tu. Na kinywaji kina nafasi yake peke yake: kahawa inaongeza mwendo juu ya chakula ulichokula. Kwa Gus kikombe ni 300, lakini punje 5 za kahawa kwenye pipa lako zinakupa kikombe kimoja. Wenzangu wa Mbozi hawahitaji kufundishwa thamani ya punje.

Maswali ya wanachama

Iringa: Kamwene mwalimu. Umesema tusipike kwa kuuza. Hakuna hata pishi moja lenye faida?

Kamwene, dada. Lipo, na ndilo ninalolitumia mwenyewe: Sashimi. Linataka samaki mmoja wa aina yoyote, na linauzwa 75. Dagaa wa mchezo anayeitwa Sardine ni 40, Anchovy ni 30, Carp ni 30. Hao wapike wote. Samaki wa bei juu ya 75 muuze mzima. Ila lazima Linus awe rafiki yako kwanza. Mpelekee vitu vya porini, anavipokea vizuri.

Tunduma: Kaka, mimi niko mwaka wa kwanza, mwezi wa kiangazi, na Jumapili zote nimezipitisha sijui kama kuna kipindi. Nianze upya?

Usianze upya kaka. Jumatano zinarudia, na baadhi ya mapishi ya televisheni Gus anauza, Omelet ikiwemo. Yaliyobaki yatakuja tena mwaka wa tatu mzunguko ukianza upya. Anza Jumapili hii.

Kyela: Sisi huku ni wali. Mpunga kwenye mchezo unalimwaje, maana mchele wa Pierre ni ghali?

Ndaga fijo kwa swali hili. Mchele wa Pierre ni 200, lakini anauza miche ya mpunga 40 majira ya machipuko. Kawaida unachukua siku 8. Ukiupanda karibu na maji, ndani ya hatua 3 kutoka bwawa au mto, unaiva siku 6 na haukudai kumwagiliwa. Mtu wa Kyela hata hahitaji kuambiwa hilo. Kisha unahitaji kinu, Robin anajenga kwa dhahabu 2,500, mawe 50, mbao 150 na vitambaa 4. Kinu hichohicho kinasaga ngano, na bitiruti moja inatoa sukari 3. Mchele huo utaupeleka kwenye Maki Roll, pamoja na samaki na mwani. Usiile ya kwanza, iweke, maana kituo cha jamii, lile jengo la mji linalodai mafungu ya vitu, kwenye fungu la mpishi kinaidai pamoja na yai la kukaanga.

Makambako: Mwalimu, nikishuka mgodini nile nini? Nakufa kila nikifika chini.

Mdogo wangu, kwanza saladi 5 begani kwa ajili ya afya. Juu ya hapo, Roots Platter kama shida yako ni wadudu: ni karoti ya pangoni na mzizi wa majira ya baridi, inakuongezea nguvu ya kushambulia. Kama shida ni kuchelewa kupata ngazi ya kushukia, kula Spicy Eel, inaleta bahati na mwendo. Mkunga wake anavuliwa baharini siku ya mvua, kuanzia saa kumi jioni, machipuko au vuli, na unampika na pilipili moja. Ukishafungua jangwa, yule mfanyabiashara wa kule anakupa sahani iliyo tayari kwa rubi moja. Kubwa zaidi ni Lucky Lunch, ngazi 3 za bahati, lakini pishi lake linaonyeshwa tarehe 28 ya machipuko mwaka wa pili. Tunza jongoo bahari na ua la Blue Jazz tangu sasa, maana hupati vyote majira mamoja.

Njombe: Nina sahani nyingi za zamani kwenye friji. Nimpe nani?

Pizza mpe Sam au Shane. Robin anapenda tambi, na pishi lake linatoka kwa Lewis. Demetrius mpe Bean Hotpot, ambayo ni maharage mabichi mawili tu. Viazi vitamu vyenye sukari, Glazed Yams, vinamfaa Pam na vinamfaa Lewis. Kila mtu anapokea zawadi 2 kwa wiki, na siku yake ya kuzaliwa zawadi ina uzito mara 8, kwa hiyo angalia kalenda iliyo nje ya duka la Pierre kabla hujagawa.

Sae, Mbeya: Inahitaji bando kucheza?

Bando ni la kununua na kupakua tu. Ukishaweka kwenye simu, unacheza peke yako bila intaneti. Mimi nachezea hata umeme ukikatika, ilimradi chaji ipo.

Iringa tena: Na yale Hashbrowns yako 25 uliyafanyia nini?

Niliuza 20 kabla sijajua. Tano zilizobaki nilizila siku za kuvuna, maana zinaongeza ngazi 1 ya kilimo, na moja ilienda kwenye Complete Breakfast ya Alex pamoja na yai la kukaanga, maziwa na chapati za maji. Hapana, nisahihishe: nilizila nne.