Simba au Yanga wakija Jamhuri: kupanga mageti, magari na ulinzi wa siku ya mechi

Dodoma Jiji wakicheza na timu ya kawaida, Uwanja wa Jamhuri hujaa taratibu na kumwagika kwa dakika chache. Ikija Simba au Yanga, watu hutoka Singida, Manyoni, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na hata Dar es Salaam, wengi wao wakifika saa moja ya mwisho, na uwanja wenyewe uko katikati ya mji, si porini ambako kuna nafasi ya kukosea. Kamati nyingi huanza kikao kwa kuuliza askari watakuwa wangapi. Swali la kwanza ni jingine: watu wangapi wanaweza kupita getini kwa dakika moja? Idadi ya tiketi, ya askari, ya daladala na hata saa ya kuanza mechi vyote vinafuata jibu hilo.

Pima mageti kabla ya kuchapa tiketi

Chukua futi kamba, zunguka uwanja, pima upana halisi wa kila geti la kutokea. Upana halisi ni ule unaobaki baada ya kutoa nguzo, komeo lililojitokeza na bawa la geti lisilofunguka mpaka mwisho. Kipimo kinachotumika Uingereza, na kuigwa kwingi duniani, ni watu 82 kwa kila mita ya upana kwa dakika, sehemu tambarare. Kwenye ngazi shusha hadi 66. Uwanja wote uwe umetoka ndani ya dakika 8.

Tuseme unatarajia watu 12,000 na una mageti matano ya mita 4 kila moja, jumla mita 20. Gawa 12,000 kwa 8, unapata watu 1,500 kwa dakika. Gawa kwa 82, unahitaji mita 18.3. Inaonekana inatosha. Sasa funga geti moja kwenye hesabu, kwa sababu siku ya siku kuna gari litakwama pale, au vurugu itatokea mbele yake. Zimebaki mita 16. Zidisha kwa 82, kisha kwa 8: watu 10,496. Hiyo ndiyo idadi ya tiketi za kuuza, hata kama majukwaa na mzunguko vina nafasi ya 12,000. Viongozi wa klabu hawatalipenda jibu hili kwa sababu linagusa mapato. Wapewe njia mbadala: kuongeza geti la sita kwa kubomoa kipande cha ukuta ni kazi ya siku chache na inarudisha tiketi zote zilizopunguzwa.

Geti la kutokea lifunguke kwa nje. Geti la kuteleza kwa magurudumu ni baya, maana watu wakiligandamiza halisogei. Wakati watu wako ndani, kusiwe na kufuli hata moja: weka mtu kila geti, komeo mkononi mwake, na asiondoke hata goli likifungwa. Accra, tarehe 9 Mei 2001, zaidi ya watu 120 walikufa baada ya polisi kupiga mabomu ya machozi jukwaani na watu kukuta mageti yamefungwa. Malang, Indonesia, Oktoba 2022, mabomu ya machozi yalipigwa tena jukwaani, watu wakasukumana kwenye milango ya kutokea, na waliokufa walikuwa 135. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza silaha za moto na gesi ya kutawanya watu, na FFU (askari wa kutuliza ghasia) waliopangwa ndani waambiwe hivyo kwenye maelekezo ya asubuhi, kwa maandishi.

Njia za kuingilia: anayepekua ndiye anayechelewesha

Mtu wa tiketi, awe anachana karatasi au anasoma N-Card (kadi ya tiketi ya kielektroniki), anaweza kupitisha watu 10 hivi kwa dakika. Mashine nzuri ya kuzunguka hupangiwa isizidi watu 660 kwa saa. Anayepekua kwa mikono hutumia sekunde 10 kwa mtu asiye na begi, na nusu dakika kwa mwenye begi. Kwa hiyo njia moja ya upekuzi ni watu 6 kwa dakika, yaani 360 kwa saa, ikiwa hakuna mabegi. Watu 10,000 wakija, panga ukichukulia kwamba nusu yao watafika saa ya mwisho. Gawa 5,000 kwa 360: njia 14. Ongeza mbili za akiba, na moja ya pembeni kwa wenye mabegi ili wasimzuie kila mtu aliye nyuma yao.

Wanawake wapekuliwe na wanawake. Hili husahaulika mpaka saa nane mchana, ndipo askari wa kike wawili wanatafutwa mji mzima. Wapange mapema, angalau njia nne katika hizo 14, na njia hizo ziwe na alama inayoonekana kutoka mbali, vinginevyo familia zinafika mbele kabisa ndipo zinaambiwa zirudi nyuma.

Nje ya kila geti acha uwanda mtupu. Watu 100 wakifika kwa dakika na geti likasimama dakika 10 kwa sababu mtandao wa tiketi umekatika, utakuwa na watu 1,000 zaidi waliosimama. Kwa watu wawili kwa mita ya mraba wanahitaji mita za mraba 500. Wakifika wanne kwa mita bado wanapumua. Wakizidi watano mtu hasogei kwa hiari yake tena, anapelekwa. Mama lishe, machinga wa jezi na majiko ya mkaa ya mishikaki wasogezwe mita 50 kutoka getini, wapewe eneo lao lenye mstari wa chokaa. Wakifukuzwa tu bila kuonyeshwa pa kwenda, baada ya nusu saa wanarudi palepale.

Wasio na tiketi wazuiwe mbali

Geti ni mahali pabaya pa kumwambia mtu arudi, kwa sababu nyuma yake kuna watu mia wanaomsukuma. Weka uchujaji wa hatua tatu. Hatua ya kwanza ni barabarani, ambapo trafiki wanazuia magari. Ya pili ni mita 100 hadi 150 kutoka ukutani: mtu anainua tiketi juu, ionekane tu, haisomwi, asiye nayo anageuzwa akiwa bado na nafasi ya kugeuka. Ya tatu ndiyo upekuzi na kusoma tiketi.

Siku ya mechi tiketi zisiuzwe ukutani kwa uwanja. Ziuzwe Nyerere Square, Sabasaba na stendi ya Nanenane, na zikiisha tangazo litoke redioni na vituo vifungwe waziwazi. Kibanda kinachoendelea kuwa wazi bila tiketi huvuta watu, na walanguzi huja nyuma yao.

Ikiwa dakika 30 kabla ya filimbi foleni bado ni ndefu kuliko zile njia zinavyoweza kumaliza, ahirisha kuanza kwa dakika 15 au 30. Kamishna wa mchezo na watu wa televisheni wajue tangu mkutano wa kabla ya mechi kwamba uwezekano huo upo na nani mwenye kauli. Tangazo lisikike nje kwa spika za mkononi, maana walio nje ndio wanaokimbia wakisikia kelele za ndani. Usifungue geti kubwa ghafla ili kupunguza msongamano. Hillsborough, Sheffield, Aprili 1989, polisi walifungua geti la kutokea ili kuokoa waliobanwa nje. Umati ukateremka moja kwa moja kwenye njia ya chini iliyoelekea sehemu iliyokwisha kujaa, na watu 97 wakapoteza maisha. Ukilazimika kufungua, kwanza ziba njia ya kuelekea eneo lililojaa, kisha fungua kidogo kidogo. Kwetu, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Mei 2023, mtu mmoja alikufa na wapatao 30 kujeruhiwa kwenye msukumano wa kuingia, kabla mpira haujachezwa.

Magari

Wageni wa barabara ya Dar es Salaam na Morogoro waishie Nanenane, Nzuguni. Stendi kuu iko pale, viwanja vya maonyesho viko pale, na mabasi ya mashabiki hayana sababu ya kuingia mjini. Ila usiipange hivyo kati ya tarehe 1 na 8 Agosti, wakati maonyesho yenyewe yamejaza eneo. Wanaotoka Singida, Iringa na Kondoa nao wapewe sehemu ya kuegesha upande wao wa mji, ili wasilazimike kuvuka katikati. Wanaokuja kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, husahaulika kwenye mipango: angalia treni ya mwisho ya kurudi kabla ya kukubali saa ya mechi, kisha weka Coaster za moja kwa moja kutoka uwanjani hadi stesheni.

Kingine cha kuangalia ni kalenda ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wa bajeti, nyumba za wageni zimejaa na misafara ya viongozi hufunga barabara bila taarifa ndefu. Njia ya basi la timu iwe na njia mbadala, na dereva awe ameipita siku moja kabla.

Hesabu ya daladala ni rahisi lakini haifanywi. Tuseme watu 3,000 wanahitaji usafiri baada ya mechi kwenda Nzuguni, Ihumwa, UDOM, Mkonze na Veyula. Waliobaki wanatembea au wanapanda boda. Coaster ya watu 30 inahitaji safari 100. Kama kwenda na kurudi ni dakika 40, kila moja itafanya safari mbili ndani ya dakika 80, hivyo unahitaji Coaster 50. Hapo wengi huacha hesabu, wakati kinachokwamisha ni mlango: Coaster moja hupakia kwa dakika 3 hivi. Sehemu tano za kupakilia kwa mpigo zinatoa watu 150 kila dakika 3, yaani watu 3,000 kwa saa moja. Sehemu mbili tu zinakupeleka saa mbili na nusu, hata ukiwa na Coaster mia zimepanga foleni. Omba LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) vibali vya muda kwa magari yanayotoka kwenye njia zake za kawaida, na nauli ibandikwe kwenye kila sehemu ya kupakilia kabla wapiga debe hawajaitangaza wao.

Bodaboda ndio hatari kubwa ya filimbi ya mwisho, kwa sababu wanakimbilia getini kuchukua abiria huku watu wakitoka. Wapewe vijiwe vitatu, mita 200 kutoka ukutani, vimezungushiwa kamba. Pikipiki 300 pamoja na nafasi ya kupita zinataka karibu mita za mraba 1,000. Zungumza na viongozi wa vijiwe wiki moja kabla, maana watawadhibiti wenzao vizuri kuliko mgambo mwenye kirungu. Bajaji zikae upande mwingine kabisa.

Njia moja ya mita 4 ibaki tupu saa zote kwa ajili ya gari la wagonjwa na la zimamoto, na isiwe ile ya msafara wa mgeni rasmi. Ambulansi ziwe mbili: ikiondoka moja kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, nyingine ibaki. Zikiondoka zote mbili, mechi isimame mpaka moja irudi.

Chumba cha amri

Kiwe mahali panapoonekana uwanja mzima, na ndani yake wakae polisi, mkuu wa wasimamizi wa uwanja, zimamoto, daktari, trafiki, mtangazaji, na mtu wa mageti mwenye idadi. Mwenye kauli ya mwisho ni mmoja na jina lake linajulikana kwa wote. Tumieni redio kol, kwani umati ukijaa mitandao ya simu huelemewa, na ujumbe wa WhatsApp wa "geti B limejaa" hufika baada ya dakika tano. Umeme ukikatika, jenereta iwashe taa za njia za kutokea kwanza, matangazo baadaye. Ndege isiyo na rubani ya kuangalia umati inahitaji kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini; usiitegemee kwenye mpango kabla kibali hakijatoka.

Wasimamizi wa uwanja, wale wa vizibao, wawe mmoja kwa kila watu 250 kwa mechi tulivu na mmoja kwa 100 kwa mechi kama hizi. Kwa watu 10,000 hao ni 100. Wajue sehemu yao kwa kutembea, siyo kwa kuoneshwa ramani.

Mahema ya upekuzi yafungwe kwa mifuko ya mchanga. Upepo wa kiangazi hapa hung'oa hema lililofungwa kwa vigingi pekee. Januari tatizo ni tope: maegesho ya udongo mtupu yatameza magari, kwa hiyo mwaga moramu au hamia penye lami.

Dakika ya 75 na kuendelea

Wapekuzi wengi hufikiri kazi yao imekwisha mpira ukianza na wanaingia kutazama. Wahamishwe mageti ya kutokea kipindi cha pili kinapoanza. Vijana wasio na tiketi wanajua mageti hufunguliwa kabla ya mwisho na wanayasubiri. Yakifunguliwa dakika ya 80 bila mpango, wanaoingia wanakutana na wanaotoka kifua kwa kifua. Weka mstari wa wasimamizi na kamba mita 10 nje ya kila geti kwanza, kisha fungua mabawa yote.

Mechi ya saa 10:00 jioni huisha saa 12 kasoro, ikibaki nusu saa au zaidi kabla ya jua kuzama. Muda huo ndio wa kuwatoa watu wengi. Ikianza saa 1:00 usiku, taa za nje ziongezwe kwenye njia za miguu hadi sehemu za kupakilia, na mashabiki wa timu mgeni washikiliwe ndani dakika 15 tu, wakiambiwa sababu kwa spika. Zaidi ya hapo wanaanza kung'oa viti.

Kila geti liandike idadi ya walioingia kila dakika 15, na kila sehemu ya kupakilia iandike saa Coaster ya mwisho ilipoondoka. Karatasi hizo zikusanywe usiku uleule kabla watu hawajatawanyika, kwa kuwa mechi inayofuata itahesabiwa kwa kasi halisi ya mageti ya Jamhuri badala ya zile sekunde 10 za kukadiria.