Kusakinisha fonti kwenye Windows, macOS na Linux, na la kufanya zinapokataa kuonekana

Hati nyingi tunazoandika kwenye kompyuta hazibebi fonti ndani yake, bali hubeba jina la fonti tu. Hati inapofunguliwa, programu hulisoma jina hilo, huitafuta fonti inayoitwa hivyo katika mfumo endeshi, na ikiikosa huchukua nyingine, mara nyingi bila kumjulisha mtumiaji. Ndiyo maana barua iliyotosha ukurasa mmoja humwagikia wa pili inapofunguliwa kwingine. Tena, jina linalotafutwa si lile la faili, bali ni lile lililoandikwa ndani ya faili na aliyeiunda fonti. Unaweza kulibadilisha jina la faili upendavyo, na fonti itaendelea kuorodheshwa kwa jina lake la awali. Matatizo mengi yaliyoelezwa hapa chini yanatokana na mambo hayo mawili.

Kabla ya kusakinisha

Angalia kwanza aina ya faili. Faili zenye kiambishi .ttf ni za TrueType, muundo uliobuniwa na Apple na kutolewa mwaka 1991, kisha ukaingizwa katika Windows 3.1 mwaka 1992. Zenye .otf ni za OpenType, muundo uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996. Zote mbili hufanya kazi katika mifumo yote mitatu. Faili za .woff na .woff2 zimebanwa kwa ajili ya kurasa za wavuti. Kubadilisha kiambishi chake kuwa .ttf hakuzigeuzi chochote, kwa hiyo tafuta toleo la kompyuta la fonti hiyohiyo. Fonti za zamani za PostScript Type 1, ambazo kwa kawaida huja na faili ya .pfb, zinaachwa: programu ya ofisi ya LibreOffice iliacha kuzitumia kuanzia toleo la 5.3 la mwaka 2017, na Adobe ikasitisha kuzihudumia Januari 2023.

Fonti nyingi hupakuliwa zikiwa ndani ya faili ya .zip, nayo ifunguliwe kikamilifu kwanza na yaliyomo yatolewe kwenye folda ya kawaida. Mara nyingi utakuta humo faili moja kubwa ya fonti geugeu, yaani ile inayobeba unene wote kwa pamoja, na kando yake folda iitwayo static yenye faili nyingi, kila moja na unene wake. Kwa kazi za kawaida za uandishi ninashauri uchukue zile za static, kwa sababu programu kadhaa za ofisi bado haziisomi vizuri fonti geugeu na huonyesha unene mmoja tu. Usisakinishe zote mbili kwa pamoja: zina jina moja la ukoo (kundi la mitindo ya fonti moja), na kompyuta itachanganya ipi itumike. Soma pia leseni. Fonti zilizotolewa chini ya SIL Open Font License huruhusu kutumiwa, kugawanywa na kupachikwa ndani ya hati. Nyingine hazitoi ruhusa hizo.

Kusakinisha katika kila mfumo

Katika Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Utaona chaguo mbili, na katika Windows 11 huenda ukalazimika kubofya kwanza "Show more options" ili uzione. Chaguo la "Install" huiweka fonti kwa ajili ya akaunti yako peke yake, ndani ya %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Windows\Fonts, ilhali "Install for all users" huiweka katika C:\Windows\Fonts na huhitaji mamlaka ya msimamizi. Tofauti hii iliingia na Windows 10 toleo la 1809, na imekuwa chanzo cha malalamiko mengi, kwa sababu baadhi ya programu huangalia folda ya pili tu. Ukiona fonti inaonekana katika programu moja na haionekani katika nyingine, iondoe, kisha uisakinishe upya kwa watumiaji wote. Kama kompyuta ni yako, sioni sababu ya kutofanya hivyo tangu mwanzo.

Katika macOS, bofya faili mara mbili ili ifunguke katika programu ya Font Book, kisha ukubali kuisakinisha. Fonti za mtumiaji mmoja hukaa katika ~/Library/Fonts, na za watumiaji wote katika /Library/Fonts. Folda ya /System/Library/Fonts ni ya mfumo wenyewe, usiiguse. Font Book huikagua fonti na kukuonya ikiwa ina kasoro au ikiwa kuna nakala nyingine yenye jina hilohilo. Onyo hilo lisipuuzwe.

Katika Linux, kama msambazaji wa mfumo wako ana kifurushi cha fonti hiyo, kitumie. Kwa mfano, katika Debian na Ubuntu fonti za Noto hupatikana katika kifurushi cha fonts-noto-core. Kama hakipo, nakili faili katika ~/.local/share/fonts, au katika /usr/local/share/fonts kwa watumiaji wote, kisha uendeshe amri ya fc-cache -f ili mfumo uisome upya orodha ya fonti. Ukinakili kwa mamlaka ya root (msimamizi wa mfumo), hakikisha faili zinasomeka na kila mtumiaji. La sivyo fonti itakuwepo kwenye diski na bado programu zako hazitaiona.

Fonti isipoonekana

Anza na jambo dogo kuliko yote: ifunge programu kabisa na uifungue tena, kwa kuwa programu nyingi husoma orodha ya fonti zinapowashwa tu. Katika macOS kufunga dirisha si kuifunga programu, hivyo bonyeza Command na Q. Kisha uliza kama mfumo wenyewe unaiona. Windows hukuonyesha katika mipangilio, chini ya "Personalization" kisha "Fonts". MacOS katika Font Book. Linux kwa amri ya fc-list. Kama mfumo hauioni, tatizo liko kwenye faili au mahali ilipowekwa. Kama mfumo unaiona na programu haiioni, tatizo ni la programu au la jina.

Hilo la jina linastahili maelezo zaidi. Katika mpangilio wa zamani ambao programu nyingi za Windows bado zinaufuata, ukoo mmoja wa fonti una mitindo minne tu: wa kawaida, koza (bold), mlazo (italic), na koza mlazo. Unene mwingine wowote husajiliwa kama ukoo unaojitegemea, kwa hiyo Open Sans Light haitakuwa chini ya Open Sans bali itajisimamia kwenye orodha. Katika macOS huwekwa pamoja, na ndiyo sababu hati inayohama kati ya mifumo hiyo miwili inaweza kupoteza unene fulani hata kama fonti zilezile zimesakinishwa pande zote. Kwenye Linux, fc-scan ikifuatiwa na jina la faili hukuonyesha majina yaliyomo ndani yake, na fc-match ikifuatiwa na jina la fonti hukuambia ni ipi itakayotumika kweli unapoomba jina hilo.

Herufi koza zikionekana kama zimepakwa wino kupita kiasi, yawezekana umesakinisha mtindo wa kawaida peke yake, na programu inaunenepesha yenyewe. Sakinisha mitindo yote minne.

Visanduku vitupu mahali pa herufi ni tatizo jingine kabisa: fonti ipo, lakini haina umbo la herufi hiyo. Mara nyingine programu huazima umbo kutoka fonti nyingine, na ndipo ĩ, ũ, ŋ au ɛ huonekana nene au ndogo kuliko jirani zake katika neno moja. Katika Windows, programu ya Character Map hukuonyesha herufi zilizomo katika fonti; katika Linux, amri ya fc-list :charset=14b huorodhesha fonti zote zenye ŋ. Noto, Charis, Gentium na Andika zina herufi hizi. Lakini kuna maandishi ya zamani yaliyoandikwa kwa fonti zilizobadilishwa umbo, ambamo alama ya kawaida ya kibodi ilichorwa kama herufi maalumu. Hakuna fonti mpya itakayoyasomesha sawasawa. Ni lazima maandishi yenyewe yageuzwe kuwa Unicode, yaani kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi namba yake, na kazi hiyo haikwepeki.

Iwapo yote hayo hayakusaidia, futa kashe ya fonti, yaani taarifa za fonti ambazo mfumo huzihifadhi ili usizisome upya kila mara. Katika Linux endesha fc-cache -rv. Katika macOS, washa kompyuta katika hali salama (safe mode), kisha uiwashe tena kama kawaida. Katika Windows, simamisha huduma iitwayo Windows Font Cache Service, futa yaliyomo katika C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local\FontCache, kisha uwashe kompyuta upya. Sipendekezi kuanzia hapa, kwani mara chache kashe ndiyo mkosaji.

Kumtumia mwingine hati

Katika Word ya Windows, ingia katika chaguo za programu, sehemu ya kuhifadhi, na uwashe "Embed fonts in the file". Itafanya kazi ikiwa fonti inaruhusu kupachikwa. Anayefungua hati zako kwenye Linux asakinishe fonti za Liberation, ambazo herufi zake zina upana uleule wa Arial, Times New Roman na Courier New, pamoja na Carlito inayolingana na Calibri, ili mistari isihame. Kwa hati ambayo haitahaririwa tena, tuma PDF. Ili kuhakikisha kwamba fonti zimeingia, endesha amri ya pdffonts kwenye faili hiyo na uangalie safu ya emb (embedded, yaani imepachikwa): kila mstari unaosema no ni fonti ambayo msomaji wako asipokuwa nayo atawekewa nyingine badala yake.