Kuchora watu kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kwa njia ya Michael Armitage

Anza na kitambaa, maana ndicho kinachoamua mengine yote. Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea London: shule ya sanaa ya Slade hadi 2007, kisha shule za Royal Academy hadi 2010. Wenzake wengi huchora kwenye turubai ya kitani. Yeye huchora kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Waganda wamekitumia tangu zamani kuvikia wafu. Alikutana nacho Nairobi, kwenye soko la vitu vya watalii. Anayetaka kujifunza mkono wake basi asikimbilie brashi.

Ukienda kununua, inyanyue lubugo uitazame dhidi ya jua. Gome hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo kwa siku kadhaa, na unene wake hauwi sawasawa. Tundu la upana wa ncha ya kidole halina ubaya, wala kiraka kilichoshonwa na fundi. Kinachotisha ni pale panapopitisha mwanga kama karatasi ya kufungia maandazi. Hapo ndipo patakapochanika.

Turubai huvutwa kwa koleo mpaka inalia kama ngoma. Usijaribu hivyo hapa. Lubugo haina mtande wala mshindio. Nyuzi zake zimeshikana kwa kupondwa tu, ukizivuta kwa nguvu zinaachana. Acha sentimita 6 za ziada kila upande wa fremu, vuta kwa viganja, piga pini za stepla ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, kisha rudi kesho yake ukaze tena. Kwa mara ya kwanza ni heri ubandike lubugo juu ya amerikani iliyokwisha kukazwa. Mafundi wengine wataona ni kudanganya, lakini kitambaa kitasalimika.

Sasa gundi. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi yanapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula nyuzi za mmea. Rangi ikigusa lubugo tupu, baada ya miaka kitambaa kinakuwa kikavu na chepesi kuvunjika. Tumia gundi ya PVA isiyo na asidi, sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji, mikono (yaani matabaka) miwili mbele na mmoja nyuma, kila mkono ukauke siku nzima. Gundi ya ngozi ya sungura, gramu 70 kwa lita moja ya maji, ipashwe moto bila kuchemka, nayo inafaa, ila si Mombasa wala Dar es Salaam: unyevu wa pwani huilegeza na kuikaza kila msimu, na rangi iliyo juu yake hupasuka. Usipake geso nyeupe, ile rangi ya msingi ya turubai. Ukiifunika ile hudhurungi, ungeokoa pesa ukanunua turubai. Kisha jaribu: dondosha tone la mafuta kwenye kipande kilichobaki, ukitazame nyuma kesho yake. Ukiona duara jeusi, ongeza mkono mmoja.

Kabla ya kuchora mtu yeyote, chora ramani ya kitambaa chenyewe: matundu yako wapi, mshono unapita wapi, bonde liko wapi. Mshono wa kulala unaweza kuwa ukingo wa maji au upeo wa macho. Lakini tundu likiangukia shavuni, mtazamaji ataona jeraha kabla hajamwona mtu. Kama ndivyo ulivyokusudia, sawa. Kama sivyo, sogeza kichwa sentimita chache sasa, kwenye karatasi, ambako hakuna gharama. Armitage mwenyewe hukusanya kwanza michoro ya karatasi na picha za habari; mikutano ya uchaguzi wa Kenya wa 2017 ndiyo iliyozaa kazi alizoonyesha Venice mwaka 2019.

Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwembamba: amba, hudhurungi ya udongo, iliyozimuliwa kwa tapentaini, kuweka vivuli tu. Kitambaa chenyewe tayari ni rangi ya kati, kwa hiyo huna haja ya kukijaza. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachanganya hudhurungi kwa ajili ya ngozi nyeusi, wanaipaka juu ya hudhurungi, uso unazama. Chukua shavu moja. Kivuli chake kipake kijani kibichi chenye majivu, chepesi, uone lubugo ikipenya. Ule upande wa mwanga uupake waridi iliyotiwa zambarau kidogo. Ukirudi hatua tatu nyuma, jicho linaunganisha zote na kuona ngozi. Ujasiri huu wa rangi Armitage hakuutoa kwa Goya na Titian, wachoraji wa kale wa Ulaya, peke yao. Kwenye maonyesho yake ya Royal Academy mwaka 2021 kazi zake zilipangwa pamoja na za wachoraji wa Afrika Mashariki kina Jak Katarikawe, Meek Gichugu, Theresa Musoke na Sane Wadu.

Mikono inayofuata iongezwe mafuta kidogo kidogo. Ukipaka rangi yenye mafuta machache juu ya iliyojaa mafuta, ya juu hukauka kwanza, ya chini ikiendelea kusogea, na mpasuko hauepukiki. Amba hukauka kwa siku moja au mbili. Nyeusi ya pembe inaweza kuchukua wiki na zaidi, kwa hiyo usiilaze chini.

Kukwangua ni nusu ya kazi. Armitage hupaka, hukwangua, hurudia. Laza kisu bapa, usikisimamishe: kitaondoa rangi iliyo juu ya vilima na kuiacha mabondeni, na umbile la gome litajitokeza lenyewe. Mahali palipofifia na kukosa uhai, mafuta ya rangi yamenyonywa. Paka hapo mafuta ya kitani kwa tambara, membamba kabisa, kisha futa.

Matambara yenye mafuta hayo usiyarundike kwenye kona. Hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko.

Vanishi isubiri miezi 6 kwa rangi nyembamba, mwaka kwa nzito, na iwe isiyong'aa. Inayong'aa hutuama kwenye mabonde ya lubugo, na chini ya taa uso wa mtu uliyemhangaikia unageuka madoa ya mwanga.